Kidonda kisichouma

Sisi tunaofanya kazi katika dispensari ya parokia twaosha vidonda tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, na mara nyingine hata Jumapili baada ya Misa. Tumeviona vya kila namna: vya jembe na vya panga, vya meno ya mbwa, vya mafuta ya mawese yaliyomwagika jikoni, vya pikipiki, na hivi vya pikipiki vyazidi mwaka kwa mwaka. Basi, kazi hii imetufundisha jambo moja ambalo watu wengi hawapendi kulisadiki. Kidonda kinachouma sana hakitutishi sana. Mwenye kidonda hicho halali usiku, huja mapema, tena huja akilia; twamwosha, twamfunga, na baada ya majuma mawili au matatu amepona. Kinachotutisha ni kile kisichouma. Mwenyewe amekwisha kukizoea. Amekifunga kitambaa, anakwenda nacho shambani, anakwenda nacho sokoni, anakwenda nacho kanisani, miezi na miaka. Ukimwuliza atakujibu, "Aa, hiki si kitu, ni kidonda changu cha zamani."

Leo twataka kusema juu ya kidonda hicho, maana mara nyingine ni kansa ya ngozi. Wengine kwetu husema kansere. Ni ugonjwa ule ule.

Kansa ni nini? Ngozi ya mtu imejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila siku chembe za juu zafa na kuanguka kama vumbi, na zile za chini zapanda kushika mahali pao. Kazi hiyo ina kipimo chake: zazaliwa zile zinazotakiwa, si zaidi. Lakini chembe moja ikiharibika ndani kabisa, yaweza kusahau kipimo. Yazaa, yazaa tena, na watoto wake nao wazaa, mpaka nyama mpya yaota mahali pasipohitaji nyama. Mwanzoni inakaa pale pale. Baadaye yashuka chini, yafika kwenye mitoki ya kinena au ya kwapa, kisha kwenye mapafu au ini, na hapo kisu cha mganga hakiwezi tena kuifuata kila mahali. Jambo la kushangaza ni kwamba kansa hii haikujificha tumboni kama nyingine. Inakaa nje, machoni pa watu wote, na hata hivyo mara nyingi twaletewa imekwisha kukomaa.

Tumesikia wengi wakisema kwamba kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Si uongo kabisa. Jua latupa mwanga na joto, tena latupa miale mingine isiyoonekana, ambayo wataalamu huiita ultravioleti. Miale hiyo yaharibu chembe za ngozi kidogo kidogo. Ngozi nyeusi ina rangi iitwayo melanini, nayo imekaa ndani ya chembe juu ya kiini chake, kama mwavuli mdogo. Mzungu ana melanini kidogo. Australia, ambako wazao wa watu wa Uingereza na Ireland wanaishi katika jua kali ambalo mababu zao hawakulijua, ni mojawapo ya nchi zenye kansa ya ngozi nyingi kuliko zote duniani. Na sisi wenyewe tumewaona mapadri wazee kutoka Ulaya, waliopita kwenye vilima vyetu miaka thelathini kichwa wazi, wakiota magamba juu ya upara, mwisho wakaenda kukatwa, huyu kipande cha pua, yule ukingo wa sikio. Wazee wetu walizicheka zile kofia ngumu nyeupe za Wazungu wa zamani. Zilikuwa za kuchekesha kweli. Lakini kivuli chake kilifika mpaka masikioni.

Je, mtu mweusi hana haja ya kuogopa? Jua halimwumizi vile. Lakini kansa ina milango mingine mbali na jua, na tutaifikia. Tena wapo kati yetu ndugu waliozaliwa bila ule mwavuli. Tuanze na hao.

Mtoto albino ni mtoto mweusi wa baba mweusi na mama mweusi. Baba na mama, kila mmoja alichukua katika damu ya ukoo wake kasoro ndogo asiyoijua, isiyomdhuru yeye mwenyewe. Mtoto akipokea ile ya baba na ile ya mama pamoja, mwili wake hauwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Ndiyo yote. Mama hakulala na Mzungu. Hakumcheka albino alipokuwa na mimba. Hakuna aliyemroga. Twaandika hivyo waziwazi kwa sababu tumeona baba akiondoka nyumbani siku tatu baada ya mtoto kuzaliwa, naye ni mbatizwa kama sisi. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini huhesabiwa albino mmoja kwa watu 17,000 au 20,000. Katika Tanzania, jirani yetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huhesabiwa mmoja kwa watu 1,400 hivi. Kwetu pia si wachache. Tazameni tu katika madarasa ya shule zetu.

Jua lamtendea nini mtoto huyo? Kwanza awa mwekundu jioni, na ngozi yabambuka. Kisha madoa ya kahawia yatokea usoni na mikononi. Kisha, naye angali mtoto wa shule, waweza kupapasa masikio yake, mdomo wa chini, kisogo na mgongo wa mikono, ukasikia magamba makavu yanayokwaruza kama msasa. Magamba hayo bado si kansa, ila ni mlango wake. Katika nchi nyingi za Afrika waganga wameona kansa kwa vijana albino wenye miaka ishirini na kitu, na wengi wao wamekufa kabla ya kufika miaka arobaini. Hawakufa kwa sababu ni albino. Walikufa kwa jua, kwa kuwa hakuna aliyewapa kofia walipokuwa wadogo.

Sisi wa milimani twadanganywa na hewa yetu. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari. Lubumbashi nako ni mita 1,200 hivi. Kuna baridi asubuhi, kuna mawingu, basi twasema, "Leo jua si kali." Lakini miale ile haina joto. Kadiri tunavyopanda mlimani, hewa ya kuichuja yapungua, na miale yazidi. Nayo yapita hata katika mawingu mepesi. Maji ya ziwa na mchanga wa pwani vyairudisha sehemu usoni kutoka chini. Mtoto albino aweza kuungua siku ya ukungu, na mama yake asijue sababu. Ipo njia moja nyepesi ya kujua, isiyohitaji saa wala chombo: tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, kama asubuhi mapema na jioni, miale ni dhaifu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali, mtoto asikae nje. Watoto wa darasa la kwanza wajifunza jambo hili siku moja, na tumewaona wakilifanya mchezo.

Shida ni kwamba sisi watu wakubwa twamtoa nje. Asubuhi shule nzima yajipanga mbele ya bendera, na mwalimu akipenda kusema, kivuli chafupika. Mtoto akikosea, apigishwa magoti juani. Adhabu hiyo hatuipendi kwa mtoto yeyote, lakini kwa albino ni jeraha. Jumamosi kuna salongo, na mtoto hataki kuonekana mvivu, kwa hiyo alima barabara pamoja na wenzake. Waalimu wetu ni watu wema, twawajua. Wampe kufagia darasa. Na ndani ya darasa wamkalishe benchi la mbele, maana macho yake nayo ni dhaifu, lakini mbali na dirisha lenye jua.

Sasa neno la kofia. Mwaka mmoja, sikukuu ya Sakramentu Takatifu, Misa ilisomewa uwanjani kwa sababu watu walikuwa wengi. Kijana mmoja albino, mwimbaji wa kwaya, alisimama mstari wa mbele na kofia yake ya majani. Mzee mmoja mwenye cheo katika parokia alimwendea, akaivua kofia ile kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Mwanangu, mbele ya Mungu mwanamume huvua kofia." Kijana hakujibu. Kwa desturi yetu mtoto mwenye adabu hashindani na mzee, tena mbele ya watu. Misa ikaendelea, maandamano yakafuata, karibu masaa matatu yote pamoja. Jumatatu kijana yule alikuja kwetu na midomo iliyovimba na masikio yanayotoa maji. Juma zima alikunywa uji tu. Tukaenda kwa baba paroko. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba Misa ikisomewa nje albino wakae chini ya miti au chini ya turubai, wavae kofia, wala mtu asiwaguse. Yule mzee alilipokeaje neno hilo, hatujui, hatukusikia lolote. Lakini katika parokia nyingine mambo ni yale yale bado, na ndiyo sababu tumelieleza hapa.

Kofia iwe ya namna gani? Ile ya kepi inayofunika paji la uso peke yake haitoshi, maana yaacha masikio na kisogo, na hapo ndipo tunapoona magamba mengi. Ukingo uzunguke pande zote, upana wa kiganja. Mama wa chama cha ushonaji aweza kukata kofia kutoka mabaki ya kitenge, akiweka kitambaa mara mbili. Nguo iwe ya mikono mirefu. Kujua kama nguo yafaa, inyoshe mbele ya mwanga: ukiona mwanga unapenya, na miale itapenya. Msimamizi wa ubatizo akitafuta zawadi kwa mtoto albino, asihangaike na viatu vya kung'aa.

Yapo pia mafuta ya kuzuia jua. Yasichanganywe na mafuta ya kung'arisha ngozi, wala vaselini, wala mawese, ambayo hayazuii kitu. Yale ya kweli yameandikwa namba. Inafaa 30 au zaidi, na hupakwa tena kila baada ya masaa mawili. Twajua bei yake katika duka la dawa, na twajua familia nyingi haziwezi. Katika Tanzania, mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kulianzishwa kiwanda kidogo cha kutengeneza mafuta hayo kwa ajili ya albino, nayo yaitwa Kilisun. Kinshasa, mpiganaji mashuhuri wa mieleka, Mwimba Texas, ambaye mwenyewe alizaliwa albino, aliunda shirika la kuwasaidia wenzake. Na tangu 2015 tarehe 13 Juni imekuwa siku yao duniani kote. Siku hiyo mara nyingine mafuta hugawiwa. Ukipata chupa moja tu, usiimalize kwa mwili wote. Paka uso, masikio, midomo, shingo na mikono. Pengine pote nguo itafanya kazi.

Wazazi wengine hutuuliza, "Sasa mtoto huyu atafanya kazi gani?" Swali ni la haki, kwa kuwa wengi wetu hula kwa jembe. Mtoto albino aliyekatazwa shule, au aliyekimbia shule kwa kuchekwa, atarudi shambani, na shamba litamwua. Kwa hiyo akisoma vibaya kwa sababu ya macho, msimwondoe, mtafutieni miwani. Twamjua mmoja ambaye leo ni mwalimu. Twamjua mwingine anayeshona nguo. Wote wawili hukaa chini ya bati.

Basi tugeukie milango mingine, ile ya watu weusi wote.

Mlango wa kwanza ni kovu la zamani. Katika nyumba zetu moto uko chini: mafiga, mbabula, sufuria ya maji yanayochemka. Watoto huanguka ndani yake. Huanguka pia wagonjwa wa kifafa, na hao wasipopata dawa huanguka mara nyingi. Ngozi iliyoungua sana hupona, lakini kovu si ngozi kamili. Ni nyembamba, ni kavu, haina nguvu. Likiwa juu ya goti au nyuma ya kifundo cha mguu, hupasuka kila mara mtu anapochuchumaa. Lapasuka, lapona, lapasuka tena, na kila mara chembe zake zalazimishwa kuzaa kuziba pengo. Baada ya miaka ishirini au thelathini ya kazi hiyo moja yaweza kupotea njia. Hata vidonda vya mguu vilivyokaa wazi miaka kumi na zaidi, vile vya muundi ambavyo wazee wengi wanavyo, huweza kugeuka hivyo. Mwaka 1828 mganga wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika juu ya vidonda vibaya vinavyoota katika makovu, na mpaka leo waganga huviita kwa jina lake. Huko Kashmir, nchi ya milima yenye baridi kali, watu huchukua chungu cha makaa chini ya nguo ili kujipasha moto, na waganga waliwakuta na kansa tumboni na mapajani, pale pale palipounguzwa kila mwaka. Mnaona kwamba jambo hili halina kabila.

Twamkumbuka mwuza makala mmoja, mtu wa miaka arobaini na mitano hivi. Alipokuwa mtoto aliungua nyuma ya goti. Kovu lilipasuka, likakataa kufunga. Alikaa nalo miaka miwili. Alimwendea mfumu, akapewa unga mweusi. Alinunua sokoni vidonge vya antibiotiki, akavifungua na kumwaga unga wake juu ya kidonda, kama wengi wanavyofanya. Alipokuja kwetu alisema, "Sista, sikuja kwa sababu ya maumivu. Hakiniumi hata kidogo. Nimekuja kwa sababu ya harufu. Wateja wananikimbia."

Mmoja wetu akamwuliza, "Mzee, mbona hukuja mwaka wa jana?"

"Sista, mwaka wa jana hakikunuka."

Tulipofungua kitambaa tuliona ukingo mgumu kama ngozi ya kiatu, uliopinduka kwenda nje, na katikati nyama yenye vinundu iliyotoka damu mara tulipoigusa kwa pamba. Mitoki ya kinena ilikuwa imevimba. Hospitali kubwa walimkata mguu juu ya goti. Yu hai, ameketi penye njia panda, atengeneza viatu, na asema mwenyewe kwamba afadhali mguu kuliko roho. Lakini mkewe alituambia neno ambalo hatujalisahau: fedha zote walizompa yule mfumu kwa miaka miwili zilipita zile zilizotakiwa kukata kile kidonda kilipokuwa kidogo.

Kwa hiyo, mwenye kovu kubwa la moto, alipake mafuta lisikauke, alifunike lisikwaruzwe. Likipasuka, lifungwe upesi na kwa usafi. Na kovu likivuta goti mtu asiweze kunyosha mguu, waganga wa upasuaji waweza kulifungua na kupandikiza ngozi nzima. Mgonjwa wa kifafa apate vidonge vyake kila siku, na jiko liinuliwe kutoka chini. Hayo nayo ni kuzuia kansa, hata kama hayafanani na habari za jua.

Mlango wa pili uko chini ya mguu. Kuna kansa nyeusi, waganga huiita melanoma, inayotoka katika zile chembe zenyewe zinazotengeneza melanini. Kwa Mzungu yaota popote, mgongoni au mguuni. Kwa mtu mweusi ni adimu, na ikiota hupenda mahali penye ngozi isiyo nyeusi: wayo, kiganja, na chini ya ukucha. Sasa, nani kati yetu hutazama nyayo zake? Mwimbaji Bob Marley wa Jamaica, ambaye nyimbo zake zasikika mpaka leo katika kila gari la abiria, alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, kikadhaniwa jeraha la mpira. Mwaka 1977 waganga walitambua kwamba ni melanoma, wakamshauri kukatwa kidole. Hakukubali, alitolewa ukucha na nyama yake tu. Kansa ikaenda mapafuni, ini na ubongo. Alikufa mjini Miami tarehe 11 Mei 1981, ana miaka 36.

Kwetu kidonda cha wayo kina maelezo yake tayari. Watu husema, "Amekanyaga dawa," yaani adui alitega uchawi njiani naye akaupita. Basi huanza kutafutwa adui. Jirani achukiwa, shemeji ashtakiwa, mbuzi auzwa kumlipa mwaguzi, na wakati huo doa lapanuka. Tumekuta jamaa wamegombana mpaka hawasalimiani kanisani, na ugonjwa wenyewe haukuwa na adui yeyote.

Mutazame nini basi? Doa jeusi katika wayo au kiganja ambalo halikuwapo zamani, au lililokuwapo likaanza kubadilika: nusu moja haifanani na nyingine, ukingo wake umechongoka kama ramani, rangi zimechanganyika, nyeusi hapa, kahawia pale, pengine nyekundu au buluu, na upana wapita milimita 6, yaani upana wa mpini wa penseli. Kubadilika ndiko kunakotuhangaisha kuliko yote. Doa ulilozaliwa nalo, lililotulia tangu utotoni, liache. Vivyo hivyo kwa kucha: watu weusi wengi wana mistari myembamba ya kahawia katika kucha kadhaa, na hiyo ni kawaida yetu, msije wote mlango wetu kesho asubuhi! Lakini mstari mmoja, katika ukucha mmoja, unaopanuka mwezi kwa mwezi na kupaka weusi hata ngozi iliyo kando ya ukucha, huo twataka kuuona.

Kuna pia vinundu vya rangi ya zambarau iliyoiva, vinavyoota miguuni au hata mdomoni ndani, vingi pamoja, na mguu hujaa maji. Hiyo ni Kaposi, iliyopewa jina la mganga wa Vienna aliyeiandika 1872. Katika Kongo ilijulikana kwa wazee kabla ya Ukimwi, na baada ya Ukimwi iliongezeka sana. Mwenye vinundu hivyo apimwe damu bila kuona haya. Akikutwa na virusi vya Ukimwi na kuanza dawa zake, mara nyingi vinundu vyenyewe vyapungua.

Na ninyi kina mama na mabinti, tena siku hizi hata vijana wanaume, mnaojichubua? Twaulizwa kwa nini tunawasumbua. Mafuta mengi ya kujichubua yana hidrokinoni au zebaki. Hidrokinoni yazuia ngozi isitengeneze melanini. Ndiyo kusema mtu anunua kwa fedha yake hali ile ambayo mtoto albino alizaliwa nayo na analia kuikimbia. Umoja wa Ulaya ulikataza hidrokinoni katika mafuta ya ngozi tangu 2001, na zebaki hudhuru figo. Waganga wa Dakar, Senegali, wameandika juu ya wanawake waliojichubua miaka mingi wakapata kansa ya ngozi, hasa shingoni, mahali ambapo jua hufika daima. Hatuna la kuongeza, ila kwamba wanawake hao walizaliwa na mwavuli wao.

Mtu akija kwetu na kidonda cha namna hiyo, tunafanya nini? Sisi hatuwezi kukata kansa, na dispensari isiyojua kikomo chake ni hatari. Twatazama, twapima upana wake kwa rula, twaandika tarehe katika daftari, twapapasa mitoki. Kidonda cha kawaida kikitunzwa vizuri huonyesha dalili ya kupona katika majuma manne. Kisipoonyesha, twaandika barua kwa mganga wa hospitali kubwa. Huko hukata kipande kidogo cha ukingo, kama punje ya mahindi, baada ya kuchoma sindano ya ganzi, nacho hutazamwa kwa mikroskopi. Watu huogopa kipande hicho, husema, "Kisu kikigusa kansa, itakimbia mwilini mzima." Si kweli. Tuliowaona wakifa walikuwa wale waliochelewa kufika kwenye kisu. Kidonda kidogo hukatwa chote siku moja, na mtu hulala kwake. Magamba ya albino huweza kuunguzwa kwa baridi kali au kupakwa krimu maalumu, bila kukatwa. Kikiwa kikubwa, mambo ni mengine: mashine za kuchoma kansa kwa miali ni chache sana katika nchi yetu, dawa mpya za melanoma ni ghali mno, na safari yenyewe yamaliza shamba.

Jitazameni basi mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga, penye mwanga. Mke atazame mgongo wa mumewe na nyuma ya masikio yake, mjukuu atazame nyayo za nyanya yake ambaye hawezi tena kuinama. Mkiona kidonda kilichozidi majuma manne, gamba linalotoka damu, kovu lililofunguka, doa linalobadilika, leteni. Vidonda vya zamani twavipokea siku yoyote ya kazi. Njoo asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Kioshe kwa maji safi na sabuni, ukifunge kitambaa kisafi kikavu. Usipake unga, wala majani, wala dawa ya bluu, kwa sababu rangi hiyo hufunika ukingo wa kidonda, nasi ukingo ndio tunaotaka kuuona kwanza.